Mzee Zotov Anaondoka Vällingby, na Mimi Nina Neno

Ijumaa hii, tarehe 29 Mei 2026, Mzee Lev Zotov anastaafu baada ya miaka ishirini na saba kwenye ofisi yetu ya wakalimani hapa Vällingby, Stockholm. Ana miaka sabini na sita. Nimeambiwa niandike mimi, Wambura, kwa sababu meza zetu zinatazamana. Walioniambia hawakujua nina dhambi.

Kabla ya Sweden, Mzee alikuwa mwanadiplomasia wa Kisovieti huko pwani ya kwetu Tanzania, na chini ya kivuli cha kazi hiyo alikuwa mkuu wa majasusi wao. Hajawahi kuficha. Nchi yake ilipovunjika akaja huku na sanduku moja na Kiswahili kizuri kuliko changu. Asteria wa mapokezi humtania, "Shikamoo kachero," naye huitikia marahaba bila kucheka. Mama Kasiani, mteja wetu wa mtaa wa Norsborg, aliyekuwa akimsikia kwenye simu tu, siku moja alimletea samaki wa kukaanga "yule kaka wa Bagamoyo". Alipomwona ni Mzungu alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa langu. Mwaka 2019 niliona daftari lake liko wazi. Sisi wakalimani karatasi tunazichana mbele ya mteja, hatubaki na jina la mtu. Yeye kaandika: Ndayisaba, mtoto wa pili. Désiré, baba kalazwa Bukavu. Hao ni wafanyakazi wenzetu. Nikasema huyu bado anapeleka taarifa, nikawanong'oneza wote. Watu wakaacha kukaa naye kwenye kahawa. Miaka saba.

Juzi nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza la daftari.

"Kwenu asiyeuliza habari za nyumbani hana adabu," akasema, "na kichwa changu kinasahau. Zamani niliandika hivi hivi, Wambura. Ila sikuwa natoa pole."

Hapo nikachanganyikiwa. Ni kazi ile ile, au mtu mwingine? Mpaka leo sijui. Nikamwambia ni mimi niliyemsema, nikaomba radhi. Akauliza, "Mguu wa mama yako umepona?"

Sikumbuki kumwambia mtu yeyote hapa habari za ule mguu. Nikaondoka bila kujibu.

Mzee, mguu umepona. Mama anafika sokoni mwenyewe, na anakusalimu. Asante kwa miaka yote. Nisamehe, na uzee wako ukawe wa raha.