Mwalimu Paulina wa Njia ya Maji

Marehemu Paulina binti Bartholomayo alizaliwa Jumatano, tarehe 3 Februari 1915, katika kijiji cha Chiungutwa, Masasi. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Bartholomayo, mkatekista, na mkewe Maria. Alibatizwa Pasaka ya mwaka huo huo. Mtoto wa pili na wa mwisho alizaliwa mwaka 1919, naye ni mimi, Julia, ninayewasomea wasifu huu leo, Jumamosi tarehe 13 Juni 1959, hapa Newala.

Kabla sijaendelea, ndugu waombolezaji, kuna jambo wazee wanalijua na wageni hawalijui. Marehemu hakujaliwa kuzaa. Na kwetu, mwalimu wa ngoma akifa, yule anayetajwa kaburini kuwa mtoto wake ndiye anayeshika mbele ngoma ya arobaini, na tangu hapo wasichana humfuata yeye. Jana mjomba wetu, Mzee Cecil, aliniita akaniambia, "Julia, karatasi ni yako na kalamu ni yako. Ila utakayemtaja ndiye huyo huyo, hatutakuja kubadilisha." Nilimjibu kwamba nimeshaamua. Nilikuwa nimeandika jina la binti yangu Ida, kwa sababu kwa ukoo wa upande wa mama mtoto niliyemzaa mimi ni mtoto wa dada yangu pia. Wengi wenu mlimtaka Stamili binti Lukmani, mwanafunzi wake. Nilijua mnamtaka, na hiyo ndiyo sababu mimi sikumtaka.

Marehemu alisoma shule ya misheni Chiungutwa hadi darasa la pili. Mwaka 1924 baba alihamishiwa huku juu Newala, na elimu yake ya darasani ikaishia hapo, kwa kuwa alihitajika kuteka maji. Vijana mliokuta bomba hamwezi kujua. Maji yalikuwa bondeni. Wanawake waliondoka alfajiri, wakashuka mteremko wote ule, wakarudi na mitungi kichwani jua likiwa limeshapanda. Mama yetu alimfundisha ngoma ya wanawake huko huko njiani. Alikuwa akimwambia kiuno kifanye kazi na mabega yafanye kazi, lakini kichwa kisiwe na habari. Paulina alilishika neno hilo akiwa na miaka tisa. Kufika kumi na sita alikuwa akiwafundisha wasichana waliomzidi umri.

Kazi yake ilikuwa hiyo, kuanzia mwaka 1931 hadi alipolala kitandani. Aligundua kwamba mzazi anayemkataza binti yake kujifunza ngoma hawezi kumkataza kuteka maji. Basi akaifanya njia ya maji kuwa darasa. Wakishuka na mitungi mitupu aliwafundisha hatua. Wakipanda na mitungi iliyojaa, aliimba nao wakatembea kwa mapigo ya wimbo. Juu kabisa, penye jiwe la kupumzikia, aliwapanga mstari akawapima shingo, yaani alipitisha kiganja shingoni na mabegani mwa kila mmoja. Aliyekuwa mkavu aliruhusiwa kucheza siku ya kuwatoa wasichana unyagoni. Aliyelowa alirudi mwisho wa mstari. Hakuna aliyebishana na mkono ule. Wakati wa Kwaresima hakupiga ngoma hata siku moja, ila wasichana waliendelea kushuka na kupanda wakiimba, na padre alipoulizwa alisema hana sheria ya kumzuia mtu kutembea.

Watu walimwita Mwalimu. Mimi nina cheti cha ualimu tangu mwaka 1938, kimetiwa sahihi na kupigwa mhuri, nimefundisha miaka ishirini na mmoja, na mpaka leo sokoni mnaniita Mama Ida. Akipita yeye, mwenye darasa la pili, wauza dagaa walisimama. "Shikamoo, Mwalimu." Nami niko pembeni yake na madaftari kwapani. Niliitikia marahaba mara nyingi kimoyomoyo, nikaona haya mwenyewe.

Lakini wivu wangu ulianza kabla ya cheti. Mwaka 1932, nikiwa na miaka kumi na mitatu, nilipimwa mimi. Nilikuwa nimepanda mteremko mzima sijamwaga hata tone, na nilijua. Dada alipitisha mkono, akautazama, akawaonyesha wenzangu vidole vilivyolowa. "Umemwaga, Julia," alisema. "Wewe ni wa shule." Wasichana kumi na mmoja walicheka. Niliapa kwamba sikumwaga, na kadiri nilivyoapa ndivyo walivyozidi kucheka. Mwaka uliofuata baba alinipeleka bweni Masasi. Kila mtu aliniambia nina bahati. Nilisoma kwa hasira, nikafaulu kwa hasira.

Marehemu alifunga ndoa takatifu tarehe 18 Agosti 1934 na Bwana Petro, fundi seremala wa Mahuta. Waliishi pamoja karibu miaka ishirini na mitano bila kutengana hata wiki moja. Hawakupata mtoto, na shemeji hakumsema kwa hilo, wala hakuruhusu ndugu zake wamseme. Lalamiko lake lilikuwa moja tu, na alilitoa huku anacheka. "Nilioa mtu mmoja," alikuwa akisema, "nikaamka asubuhi nina wasichana kumi na wanne uani, na wote wana njaa." Ni kweli waliokuja kutoka mbali walilala na kula kwake. Aliyekosa kanga ya kuchezea alivaa ya Paulina. Kanga nilizomletea mimi kutoka Lindi niliziona viunoni mwa watoto wa watu.

Stamili alikuja mwaka 1949 kutoka Mnyambe, ana miaka kumi, amekonda, mama yake amefariki. Sitaficha, sikumpenda tangu siku hiyo. Alimfuata dada kila mahali. Baada ya miaka miwili hakulowa tena. Binti yangu Ida naye alipimwa mara tatu, na mara tatu shingo ilikuwa mbichi. Nilimshuku dada, maana niliujua mkono wake. Ila siku ya tatu nilikuwepo, nikaona kwa macho yangu maji yakimtiririka mtoto wangu hadi kiunoni. Mwaka 1954 Stamili alishika mbele kwa mara ya kwanza. Dada yangu, ambaye sikuwahi kumwona ameketi ngoma ikilia, alivuta kigoda akakaa akimtazama. Niliondoka kabla ngoma haijaisha. Niliwaambia kichwa kinauma, na kilichokuwa kikiuma ni roho.

Maji ya bomba yalipofika, mwaka 1956, kila mwanamke alishangilia, nami nilishangilia kuliko wote. Njia ilibaki tupu. Wazazi hawakuwa tena na sababu ya kuwatoa mabinti, na kutoka wasichana ishirini na saba dada alibaki na watatu. Mwezi wa Agosti alikuja shuleni kwangu, akasimama mlangoni na kandambili mkononi kama mzazi mgeni.

"Mwalimu," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. "Naomba uwanja, Jumatano jioni tu. Wasichana hawana pa kujifunzia."

Nilimwambia kwamba mkaguzi wa shule hataki ngoma uwanjani. Mkaguzi hakuwahi kuulizwa. Dada alishukuru, akaenda zake. Tangu hapo aliwapeleka wale watatu bondeni kuteka maji ambayo hakuna aliyeyahitaji, na watu wakawacheka, wakasema Mwalimu Paulina ana bomba mlangoni na bado anashuka. Stamili ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akiwabembeleza wazazi, akiwalimia hata mashamba ili mabinti waachiwe. Alirudisha wasichana sita, wakafika tisa. Nilizisikia habari zake nikazidi kumchukia.

Marehemu alianza kuugua tumbo mwezi wa Januari mwaka huu. Tarehe 20 Mei tulimpeleka hospitali ya Ndanda, akapokelewa na kutunzwa vizuri sana, na familia inawashukuru wauguzi. Nilichukua likizo nikakaa naye. Stamili alikuja mara mbili kwa lori la makopa ya muhogo, amejaa vumbi la unga hadi kwenye kope. Mimi nilimsomea dada sala, yeye alimsuka nywele, na dada alilala usingizi mzuri zaidi siku alizosukwa.

Jumanne tarehe 9, saa nne asubuhi, tukiwa wawili tu, aliniita.

"Julia, ile siku ya kupimwa hukumwaga."

"Niliapa nikakwambia," nilisema.

"Najua. Nilichovya vidole kwenye mtungi wangu kabla sijakushika."

Nilimuuliza kwa nini. 

"Ulikuwa unanizidi, mdogo wangu. Una miaka kumi na mitatu, na mama alikuwa anakutazama wewe."

Ndugu zangu, sikumsamehe pale pale. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi mpaka sista akaja kuniuliza kama ninaumwa. Miaka ishirini na saba nimemwonea wivu mtu ambaye alinionea wivu kwanza, akaninyima, kisha akafanikiwa. Nilitamani anirudishie njia yangu yote ya maji. Niliporudi ndani nilimuuliza swali moja tu, nalo nililiuliza kwa ubaya.

"Na Stamili je? Yeye hakukuzidi?"

"Amenizidi mbali," alisema. "Siku ya kumpima mkono uliniwasha, Julia. Nikaukausha kwenye kanga kwanza, ndipo nikamshika." Halafu akasema, "Siku ya kunizika uliseme hili. Wasichana watakuja kuwa walimu, wajue mkono wa mwalimu ni wa kuchungwa."

Nilimwambia habari za mkaguzi. Alisema alijua tangu mlangoni, kwa jinsi nilivyotazama chini. Ndivyo tulivyomalizana, bila machozi mengi. Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 11 Juni 1959, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne. Shemeji Petro alikuwa amemshika mkono. Haya niliyoyasema shemeji anayajua, na ameniruhusu niyasome.

Hata baada ya hayo yote niliandika jina la Ida. Nataka mjue hilo pia. Jana jioni Ida mwenyewe aliikuta karatasi mezani, akaisoma, akanijia jikoni.

"Mama, umeniandika mimi?"

"Wewe ni mtoto wake."

"Ni mtoto wake kweli, na nampenda. Lakini wakinifuata mimi, mama, nitawapeleka wapi?"

 Nilirudi mezani nikakaa na kalamu, nikaona kwamba nilikuwa nakaribia kumfanyia mtoto wa watu kile kile nilichofanyiwa, tena mbele ya umati mkubwa zaidi. Dada alikuwa na miaka kumi na saba alipofanya. Mimi nina arobaini.

Marehemu ameacha mume, Bwana Petro. Mjomba, Mzee Cecil. Mdogo wake mmoja, Julia. Na Ida, aliyemwita mama mkubwa. Ameacha wanafunzi wengi, Masasi, Tandahimba na hapa Newala, na wengine nawaona leo mmebeba watoto wenu mgongoni. Ameacha wasichana tisa ambao hawajamaliza kujifunza. Baada ya arobaini watajifunzia uwanja wa shule, kila Jumatano saa kumi jioni, na wazazi wenye neno walilete kwangu.

Ameacha mtoto mmoja, naye ni Stamili binti Lukmani, wa Mnyambe. Stamili, njoo usimame hapa mbele, karibu na baba yako Petro, watu wakuone. Usiniangalie hivyo, mwanangu. Sijakupenda bado. Ila shingo yako ni kavu, na wa kusema hivyo aliyebaki ni mimi.

Mungu ampe Paulina pumziko la amani, na sisi tuliobaki atupe yetu tungali hai.