Kibanda Namba Kumi na Saba

Benchi lile liliegemea ukuta wa duka la Gundi, fundi viatu, na mguu wake mmoja ulitiwa kipande cha soli ili lisiyumbe. Wenye nalo walifika kila asubuhi kabla ya wateja: Spana, fundi baiskeli wa mlango wa pili, ambaye mikono yake haikutakata hata kwa petroli, Wakili, ambaye hakuwahi kuwa wakili bali alibeba mafaili mahakamani miaka thelathini na mmoja, akastaafu na maneno yote ya mle ndani, na Birika, muuza kahawa, ambaye hakuketi kamwe lakini hakupitwa na neno. Alhamisi hiyo Gundi hakuwa na habari ya kahawa. Alikuwa amepigilia msumari uleule mara tatu, akaung'oa mara tatu. Harusi ya binti yake ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, na tangu jana haikujulikana kama ipo.

— Gundi, kahawa inapoa, alisema Birika. Mbona umejikunja kama kiatu kilichonyeshewa?

— Mwache, akasema Spana. Mtu anayeoza binti wa pekee lazima ajikunje.

— Hakuna wa kuozwa, Gundi akasema. Akaweka nyundo chini. Imeonekana bwana harusi ni ndugu yetu.

Spana alipaliwa, Wakili akampiga mgongoni bila kumtazama.

— Ndugu yenu wapi na wapi? Wakili akauliza. Wale si wamehamia mtaani mwaka juzi?

— Kwa babu.

— Babu yupi?

— Aliyemzaa babu yangu. Mpagazi.

Hapo wote wakaitikia kwa vichwa, kwa sababu Babu Mpagazi walimjua kama mtu aliyeketi nao. Gundi alikuwa amewasimulia mara zisizo na idadi. Alibeba mizigo ya misafara ya wakoloni kwenda bara: mahema, masanduku ya dawa, na safari moja bafu zima la bati, kwa sababu mkubwa wa msafara hakuweza kuoga kama watu. Alirudi na kipara cha duara utosini ambacho hakikuota nywele tena hadi kufa kwake. Akajenga, akaoa mke mmoja, akazaa. Ndivyo ukoo ulivyosimulia, na ndivyo binti alivyotaka kuandika kwenye kurasa mbili za historia ya familia zisomwe siku ya harusi. Kwa ajili ya kurasa hizo mbili alishinda Jumamosi nne kwenye jumba la nyaraka.

Binti mwenyewe alitoka ndani ya duka na bahasha kifuani. Macho yalikuwa mekundu, lakini karatasi zilipangwa kwa tarehe.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Hebu tusomee tujue moja, alisema Spana. Baba yako anatupa vipande vipande.

— Ni daftari la kodi ya vibanda, mjomba. Mwaka 1898. Akasoma polepole. Kibanda namba kumi na saba. Mkuu wa kibanda, mpagazi, ameacha safari. Wake, wawili. Mtoto wa mke wa kwanza, wa kiume, miaka mitatu. Huyo ndiye babu yake baba. Mtoto wa mke wa pili, wa kiume, kama miaka mitano. Alama ya mwilini, vidole sita mkono wa kushoto.

— Vidole sita, akarudia Birika kwa sauti ya chini.

Haikuhitaji maelezo. Ukoo wa bwana harusi uliitwa Wa Vidole Sita, kutokana na babu aliyemzaa babu wa kijana, na wenyewe walijivunia. Na kwa pande zote mbili mwiko ulikuwa mmoja: watu wa babu mmoja hawaoani, hata vizazi viwe vingapi katikati. Jana binti alikwenda kumwonyesha mama wa kijana karatasi ile, kwa sababu hakuweza kulala na jambo kama hilo peke yake. Mama huyo, mkunga wa zahanati, aliisoma kimya. Akasema atakuja kesho waongee na Fundi. Alisema Fundi. Miezi minne alikuwa akimwita mkwe.

— Ushahidi huo unapingika, alisema Wakili, akanyoosha shati. Kwanza, aliyeandika ni nani? Karani wa mkoloni. Je, aliapishwa? Hakuapishwa. Hiyo ni hati ya kughushi, na lengo lake ni kugombanisha familia.

— Mkoloni wa 1898 alijua Gundi ataoza wiki ijayo? Spana akauliza.

— Walikuwa na mipango ya muda mrefu.

— Mimi naona babu alikuwa wawili, alisema Birika. Wale wakubwa wa misafara hawakuwa wanatofautisha mtu na mtu. Wapagazi mia mbili, majina kumi na mawili. Namba kumi na saba waliishi wanaume wawili, karani akaona mmoja.

— Akaona vidole sita akakosa kuona mwanamume mzima? Karani gani huyo?

— Labda kile cha sita kilikuwa kidonda, Spana. Mtoto ana kidonda, karani ana haraka.

— Na ukoo mzima ukarithi jina la kidonda! Birika, mimina kahawa, hilo ndilo unaloliweza.

— Mnakwenda mbali na kesi, Wakili alikata. Huyo mke wa pili alikuwa mpelelezi. Kapandikizwa mle ndani ahesabu sufuria na majembe. Alipomaliza kazi akaondoshwa.

— Na mtoto naye mpelelezi?

— Kwa vidole sita? Angehesabu haraka kuliko wengine.

Spana alicheka mpaka akashika ukuta. Gundi hakucheka.

— Chekeni, alisema. Mimi miaka sitini nimemsifu yule mzee. Nimewaambia wanangu, muwe kama Babu Mpagazi, mtu wa neno moja. Kumbe alikuwa na mwanamke akamtupa na mtoto mdogo. Waeleze, mwanangu, mwaka uliofuata.

— Mwaka uliofuata namba kumi na saba ina mke mmoja, binti akasema. Wa pili hayupo, na mtoto hayupo. Nimeandika pembeni, ameachwa, nikaweka alama ya kuuliza.

Gundi aliiona alama ile ya kuuliza kwa macho yake, ndogo, ya penseli. Ilimuuma kuliko maandishi yenyewe. Si harusi tu iliyokuwa ikimponyoka. Alikuwa anapoteza na mtu wa kujivunia.

— Lakini jamani, Spana akasema, akijifuta machozi ya kicheko. Wake wawili, kibanda kimoja? Mimi na mmoja tu kuna siku nalala dukani na baiskeli. Hapo walijibana tu. Kama sisi kwenye ile nyumba tuliyopanga zamani. Mwenye nyumba alipiga marufuku zaidi ya familia moja chumba kimoja, halafu vyumba vingine akavipandisha bei. Akija kukagua, mke wa jirani yangu anakuwa dada yangu, watoto wake wanakuwa wapwa zangu, tunajaa chumbani kama dagaa. Akitoka getini, kila mtu anarudi kwake, hata kwenye chumba alichodhani ni kitupu.

— Ulikuwa mhalifu mzoefu, alisema Wakili.

— Rudia, mjomba, alisema binti.

— Nirudie nini? Ni zamani hizo, na mke wangu anajua.

— Akishatoka, yule jirani alirudi wapi?

— Kwake! Angekwenda wapi?

Binti alikaa chini palepale, kwenye vumbi, na sketi yake ya kazini. Akaanza kutoa karatasi. Gundi alimjua mwanawe; alipokuwa mdogo alitafuta kifungo kilichopotea namna hiyo hiyo, bila kumsikia mtu.

— Nilitafuta namba kumi na saba tu, alisema, kama anayejikaripia. Ukurasa wa kwanza nimeandika habari za kodi: walikuja na askari, wakatia namba ya chokaa juu ya kila mlango, kodi kwa kila mlango. Asiyelipa, kibanda kinachomwa na watu wake wanapelekwa kuchimba barabara. Watu wakabomoa vibanda vyao wakahamia pamoja, milango ipungue. Nimeandika yote hayo mwenyewe! Halafu ukurasa wa pili nikaandika habari za familia, kana kwamba familia iliishi nchi nyingine.

— Mwanangu, taratibu.

— Kumbe aliyehesabiwa ni mlango, baba. Si ndoa.

Kidole chake kilishuka kwenye orodha ya mwaka uliofuata. Ishirini. Thelathini. Benchi zima liliinama juu yake, na Birika akaganda na birika hewani.

— Arobaini na mbili, kibanda kipya, binti akasoma. Mkuu wa kibanda, mpagazi, amerejea na msafara baada ya miaka miwili. Mke, mmoja. Mtoto wa kiume, miaka sita. Alama, vidole sita, mkono wa kushoto.

— Soma tena, alisema Gundi.

Akasoma tena.

— Na tena.

— Habari za hapa, Fundi.

Mkunga alikuwa amesimama nyuma yao na mkoba wake wa kazini, bado amevaa viatu vya zahanati. Wanaume wakapisha nafasi kwa haraka mno hata Wakili nusura amwage kikombe. Gundi alianza kueleza, akaanza na barabara, akarukia kwa Spana na mwenye nyumba wake, akapotea. Binti akampokea. Alieleza kwa utaratibu, mlango kwa mlango, akakabidhi karatasi zote mbili.

Mkunga alivaa miwani. Hakuna aliyekunywa.

— Mume alikaa safarini miaka miwili.

— Ndiyo, mama.

— Anarudi, mtoto ana sita. Kwa hiyo alimwacha na minne. Akahesabu kwa vidole, kama mtu aliyehesabu miezi ya watu maisha yake yote. Na hii ya kwanza, ya mitano, mume hayupo mwaka mmoja. Imekaa sawa.

— Karani hawezi kuwa amekosea umri? Gundi aliuliza, na papo hapo akatamani kujing'ata ulimi.

— Mwaka mmoja anaweza. Lakini angekuwa wa jirani, mume akiwa safarini, angekuwa mchanga, na mtu mwenye macho hamwoni mtoto mchanga akaandika miaka mitano. Akashusha karatasi. Halafu kuna kitu. Kwetu husimuliwa kwamba babu huyo, siku baba yake aliporudi na msafara, hakumtambua. Alipiga yowe, akakimbilia kwa jirani, akamkumbatia miguu. Ilibidi jirani ndiye amkabidhi kwa baba yake. Kila tukikutana watu hulicheka hilo. Hatukuwahi kujiuliza jirani gani.

Kisha Gundi akavuta pumzi ndefu, ikatoka ikiwa kicheko, na kicheko kikampasukia katikati, akafunika uso kwa aproni yake iliyojaa gundi. Spana akampigapiga bega, akamwachia alama tano nyeusi.

— Kesi imefungwa! alitangaza Wakili. Nilisema tangu mwanzo.

— Wewe si ulisema mpelelezi?

— Nilisema unapingika.

— Basi, mkwe, mkunga alisema, na Gundi akaondoa aproni usoni kusikia vizuri. Jumamosi ipo palepale. Mwanangu jana hakula, nikamwambie.

Binti alikuwa tayari ameshika penseli. Alifuta ile alama ya kuuliza, akaanza kuandika magotini, kwa kasi, midomo ikienda: jinsi babu alivyomwokoa mke wa mwenzake asipelekwe barabarani, jinsi alivyombomolea kibanda na kumpa hifadhi mwaka mzima, na mkewe akaridhia.

Mkunga alikuwa akisoma kupitia begani kwake.

— Huyo mke wa kwanza, alisema. Ana mtoto wa miaka mitatu. Mumewe anamwingiza mwanamke mwingine kwenye kibanda kimoja, na mbele ya askari anamwita mke wangu. Yeye alisema nini?

Birika akainamisha birika juu ya kikombe cha mgeni. Ilidondosha tone moja, kisha masimbi ya kahawa.

Binti alipitisha penseli juu ya safu za daftari, moja baada ya nyingine. Namba. Mkuu. Wake. Watoto. Alama. Amelipa.

— Hakuna pa kuliandika hilo, mama.

— Sasa wewe hilo la kuridhia umelitoa wapi?

Binti alitazama sentensi yake. Kisha akageuza penseli, akafuta maneno yale ya mwisho, akapuliza.