Kikao cha Kumtoa Mwanafunzi Kundini

Benchi la kijiji cha Mbuji limewekwa pale lilipo kwa sababu moja tu: huku chini ndipo mtandao unapokamata. Sogea hatua tatu kuelekea kwa fundi cherehani, unapotea. Sogea tatu kuelekea kanisani, unapotea pia. Basi kila Jumamosi asubuhi wanaume wanne wenye akili kuliko wote katika kata nzima, kwa hesabu yao wenyewe, hubanana hapo na kunywa kahawa anayouza mama mmoja, Ottilia. Ilikuwa Machi, wakati wa kuandaa mashamba ya maharage, na mlimani kila familia ilikuwa na kazi. Lakini wao sehemu yao, kufyeka majani na kuyalaza, walishaimaliza tangu Jumatano. Iliyobaki ilikuwa ya wanawake, kwa hiyo vichwa vyao vilikuwa huru kwa mambo makubwa.

Jambo kubwa la siku hiyo lilikuwa kundi la Wasapu liitwalo Mbuji Maendeleo Halisi. Neno Halisi liliongezwa baada ya Mbuji Maendeleo ya kwanza kuvunjika kwa ugomvi wa picha za maua za kutakiana asubuhi njema. Msimamizi wa hili la sasa alikuwa Isidori, ambaye benchi zima lilimwita Admini. Cheo hicho alikipata kwa sababu watu waliamini amemaliza kidato cha nne. Ukweli ni kwamba aliishia cha pili, katikati ya muhula, lakini hakuna aliyewahi kumwuliza vizuri, naye hakuona haja ya kuwasumbua watu na habari za zamani.

Asubuhi hiyo alikuwa na siri nyingine. Kundini kulikuwa na namba isiyo na jina wala picha, na namba hiyo ilikuwa imezoea kuuliza maswali ya shule. Wenzake walitaka itolewe leo leo. Wasichokijua ni kwamba ilikuwa laini ya zamani ya mke wake, Walburga, na aliyekuwa akiitumia ni binti yao Luisa, wa kidato cha pili, huko nyumbani mlimani ambako mtandao nao hukamata. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwingiza kundini. Akisema hivyo, wangemwuliza kwa nini mtoto wa msomi anaombaomba majibu mitaani. Hilo ndilo swali ambalo Isidori angetoa hata jogoo ili lisiulizwe.

— Kikao kimefunguliwa, — alisema Mzee Hamphrey, ambaye huitwa Waziri kwa kuwa aligombea uenyekiti wa kitongoji mara tatu na kushindwa mara zote kwa heshima. — Ajenda ni moja. Huyu mwanafunzi. Jana tena ametupia swali lake, na leo asubuhi akaongeza, "Tafadhali wazee wangu." Kundi letu ni la misiba na maendeleo. Sasa tumekuwa shule?

— Tena swali la Kizungu, refu kama orodha ya michango ya harusi, — alisema Nicholaus. Huyu ndiye Profesa. Aliwahi kushika chaki shule ya msingi kwa wiki sita, mwalimu alipokwenda kujifungua. — Mimi dawa yao ninayo. Unamjibu, lakini unamjibu uongo. Mwaka jana, kwenye kundi lile la kwanza, kuna mmoja aliuliza Ziwa Nyasa lilitokeaje. Nikamwambia lilichimbwa na Wajerumani, wakaishiwa majembe walipofika Malawi. Hakurudi tena.

— Sasa huyo si alipata sifuri? — aliuliza Tobias.

— Alipata funzo, Tobias. Sifuri ni ya mwalimu, funzo ni lake.

Isidori alikohoa. Mwaka jana Luisa alirudi nyumbani akilia kwa habari ya ziwa na Wajerumani, naye akamgombeza kwa kutosikiliza darasani. Alimtazama Nicholaus, akatamani kummwagia kile kikombe. Akakinywa.

— Ninyi wazee mnakwenda taratibu sana, — alisema Tobias, kijana wa kuchaji na kutengeneza simu, ambaye jina lake la kijiweni ni Mnara. — Mimi nawaambia huyo si mwanafunzi.

— Ni nani?

— Ni mashine. Siku hizi kuna mashine za huko ng'ambo zinajifunza kila kitu kwa kuuliza watu. Zinajifanya watoto wa shule, sisi kwa huruma yetu tunazifundisha. Leo tumezijibu homuweki, kesho zimeijua Mbuji kuliko sisi, keshokutwa zinakuja kuchuma kahawa bila kula wala kuugua.

— Na kulipa michango ya msiba zitalipa? — aliuliza Waziri.

— Hapo sijafuatilia.

— Zifuatilie kwanza. Nyie mnaogopa mashine, mimi naogopa mwalimu. Fikirini. Mwalimu hajui jibu. Anaona aibu. Anachukua namba isiyo na jina, anaingia kwenye makundi ya watu wenye busara, anauliza kitoto. Tunamjibu. Kesho anasahihisha madaftari kwa akili zetu, mshahara anachukua yeye.

— Hilo zito, — alisema Profesa, na akalitikisia kichwa kwa muda, kama mtu aonjaye togwa.

— Mimi nadhani, — Isidori alijaribu, — kama ni mtoto kweli, basi tungeweza kumsaidia kidogo. Si jibu lote. Kumwonyesha njia tu.

Walimgeukia wote watatu.

— Admini, wewe umefika kidato cha nne, — alisema Waziri kwa upole wa mtu anayetaka kukuchoma. — Enzi zako nani alikuonyesha njia?

— Hakuna.

— Basi. Wewe ulihangaika ukafaulu, huyu anataka kufaulu akiwa kalala. Au swali limekupiga chenga?

Walicheka. Isidori naye akacheka, tena kwa sauti kuliko wao, na moyoni aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Juzi Luisa alimletea daftari akiwa anakula. Alilitazama lile swali, akalirudia, akaona maneno yanapita tu. Akamwambia mtoto amechoka, mambo hayo awaulize wasomi kundini.

Waziri alipendekeza katiba. Kila mwanafunzi atakayetaka kuuliza swali alete barua ya mtendaji wa kijiji, picha tatu, na mdhamini mwenye shamba lisilo na mgogoro. Swali lijadiliwe na kamati ndogo, kisha kamati kubwa, na jibu litoke ndani ya siku tisini. Profesa alisema siku tisini ni chache kwa hesabu. Mnara akataka kila anayeuliza apige kwanza simu ya video akitafuna muhogo, kwa kuwa mashine haitafuni.

— Tupige kura, — alisema Waziri. — Anayetaka huyu mtu atolewe anyooshe mkono.

Mikono mitatu ilipanda. Ottilia, aliyekuwa akipepea mkaa, aliuliza kama yeye anayo kura. Akaambiwa hii ni ya wanakundi. Mikono ilibaki juu, macho yote kwa Isidori. Angeweza kusema. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: huyo ni mwanangu. Badala yake alitoa simu, akaigusa mara mbili, na Luisa akatoka kwenye Mbuji Maendeleo Halisi.

— Safi. Uongozi ni maamuzi, — alisema Waziri.

Hapo ndipo alipofika Siwema, mama mtu mzima wa kutoka ziwani, ambaye huja kuuza usipa mkavu, dagaa wa huko, kila Jumamosi. Alitua ndoo yake, akafuta jasho kwa upindo wa kitenge.

— Shikamoo mama, — alisema Mnara.

— Marahaba mwanangu. Hamjambo wazee. Mbona nyuso za kikao?

Walimweleza wote kwa pamoja: mtoto mvivu, mashine, mwalimu mwizi wa akili, katiba. Siwema alisikiliza mpaka mwisho huku akipokea kikombe kwa Ottilia.

— Nimeelewa, — alisema. — Na swali lenyewe lilikuwa linauliza nini?

Waziri alimtazama Profesa. Profesa alitazama viatu vyake. Mnara akafungua simu, akaifunga.

— Lilikuwa la Kizungu, — alisema Waziri hatimaye.

— Hilo mmeniambia. Lilisemaje?

Isidori akampa simu. Siwema alisoma kwa Waanglikana wakati mwalimu wa Kizungu alikuwa na fimbo ya Kizungu, kwa hiyo aliishika simu mbali kidogo na macho, akasoma polepole, midomo ikicheza. Kisha akaanza kutabasamu, na tabasamu lile halikuwa la heshima sana.

— Anasema hivi. Watu wa milima ya Mbinga wana kilimo cha mashimo kwenye miteremko. Eleza hatua zake, na ueleze jinsi shimo linavyozuia mvua kubeba udongo. — Alimrudishia Isidori simu. — Jamani, si ngolo hizi? Zimejaa mlima mzima. Nimezipita njiani nikija.

Waziri aliona vema kunywa kwanza.

— Ah, kumbe ngolo, — alisema Profesa. — Hilo hata usingizini. Unafyeka majani, unayaacha yakauke, unayalaza kwa mistari, mmoja huku, mwingine huku, yanakuwa kama madirisha.

— Halafu? — aliuliza Siwema.

— Halafu mnachimba katikati.

— Kina gani? Udongo mnauweka wapi? Na maji yanakuwaje?

Kulaza majani ni kazi ya wanaume. Kuchimba ni ya wanawake. Zaidi ya hapo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuinama.

— Udongo unafunika yale majani, yanaoza chini ya tuta, — alisema Ottilia bila kuinua macho kwenye birika. — Maharage unapanda juu ya tuta. Mvua ikija inatulia shimoni, haina pa kukimbilia. Mmeniuliza lini?

Simu ya Isidori ikaita. Spika ya sikioni ilikufa mwaka jana, hivyo kila anayempigia huongea na kijiwe kizima. Alifikiri kuikata. Akapokea.

— Shikamoo baba.

— Marahaba.

— Baba, nimetolewa kundini. Imeandikwa umenitoa wewe. Nadhani umegusa bahati mbaya. Naomba unirudishe, nasubiri jibu, daftari linakusanywa Jumatatu.

Benchi zima liligeuka. Waziri alishusha kikombe chake chini, taratibu.

— Luisa, — alisema Isidori. — Lile swali ni la ngolo.

— Ngolo hizi zetu?

— Hizi hizi.

— Kumbe baba ulikuwa unajua? Mbona ulisema niwaulize wasomi?

Isidori aliwatazama wasomi. Walikuwa watatu, na wote walikuwa wakiitazama barabara.

— Sikujua, mwanangu, — alisema. — Kizungu chake sikukielewa. Mimi niliishia kidato cha pili, kama hapo ulipo wewe. Na kukutoa, sikugusa bahati mbaya.

Siwema aliinama akaanza kupanga usipa ambao ulikuwa umeshapangwa.

— Mama yako ulimwuliza? — aliendelea Isidori.

— Hapana. Wewe ulisema mama hajui mambo ya shule.

— Yuko wapi sasa?

— Shambani tangu alfajiri. Anachimba.

Isidori alisimama. Miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa kukaa.

— Beba daftari umfuate huko. Na mimi niwekee jembe mlangoni.

Alianza kupandisha mlima, na hatua tatu tu mbele mtandao ukakatika.

— Sasa, — alisema Waziri baada ya muda, — ile kura yetu inahesabiwaje?

Ottilia aliinamisha birika juu ya kikombe cha Waziri. Halikutoka hata tone.