Dirisha la Mzee Baudouin

Teksi ya Mbarara, basi dogo la abiria, ilipotoka Juru kwenye makazi ya wakimbizi, Orpa alimwona Mzee Baudouin, wa kiti cha mbele yake, akifungua dirisha lote na kuvuta hewa kama mtu aliyewekewa sahani ya chakula. Julai yote anga ilikuwa ya kijivu kwa moshi. Nesi mmoja wa hospitali ya Nyamitanga, aliyekaa ubavuni mwa mzee, akalifunga.

"Mzee, hiyo moshi iko na gesi mbaya. Kwa wodi yetu watoto ya pumu wamejaa."

"Acha, mama. Ile ni moshi ya kwetu Fizi, banachoma mashamba. Mwaka jana vita ilibafukuza, hakuna mutu alilima. Kama banachoma, basi bamesharudia. Mungu asifiwe!" Akafungua tena.

Orpa alimeza kikohozi. Hakutaka kuhesabiwa upande wa nesi.

"Fizi ni mbali, mzee, ng'ambo ya mpaka! Harufu ya huko haiwezi kufika. Gesi ndiyo inafika. Huioni, inatembea na upepo siku mingi, na jua inaipika njiani inakuwa mbaya zaidi."

"Hata gesi," mzee akasema, macho yamemlowa, "iko na mwenye aliwasha moto."

"Utakohoa mpaka usiku."

"Nitakohoa na kushukuru."

Teksi iliposimama Kakoba mjini, dirisha lao lilikuwa nusu wazi na hakuna aliyekubali kushindwa. Orpa, ambaye dada yake alibaki Fizi na hajapatikana kwa simu tangu vita, alikuwa amekwisha kufungua la kwake lote.