Pikapu ya Maziwa na Honi Inayoita Ng'ombe

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Usafirishaji kutoka makao makuu, mwenyekiti wetu, wanachama wenzetu na majirani mliokuja kusikiliza:

UKARIBISHO

Karibu sana kwenye kituo chetu cha kukusanyia maziwa. Tungependa kusema umefika salama, lakini hilo tutalirudia mwishoni, maana risala hii ilichapwa jana na leo asubuhi imebidi iongezwe aya kwa mkono. Viti tumeazima, kivuli ni cha turubai, na harufu unayoisikia ni ya dawa tunayooshea madebe. Utaizoea.

TULIKOTOKA

Sisi ni wafugaji sitini na wawili. Wengi wetu tuna ng'ombe mmoja au wawili, na tabia zao tunazijua kuliko za wakwe zetu. Miaka mitatu iliyopita makao makuu mlitupa pikapu, na pamoja nayo akaja dereva ambaye kila mtu hapa anamwita Taratibu, kwa jinsi anavyoendesha. Ni yule pale mwenye shati la kijivu, anayejifanya anaangalia viatu vyake.

Asubuhi pikapu inapeleka maziwa kiwandani, mchana inarudi na magunia ya pumba. Ili tusishinde barabarani tukiisubiri, tulikaa kikao tukakubaliana kwamba Taratibu akifika kwenye kona ya chini apige honi mara mbili. Azimio limo kwenye muhtasari na sote tulinyoosha mikono. Basi honi ikilia tunatoka mbio, na kwa kuwa ng'ombe wanachungiwa hapohapo kando ya barabara, kila mtu alikuwa anafungua gunia lake palepale na kumwonjesha wake viganja viwili vitatu kabla ya kwenda nyumbani.

Mgeni rasmi, wewe pengine umeshaelewa. Sisi ilituchukua mwaka mzima.

MAFANIKIO

Maziwa yameongezeka. Hayachachi tena njiani. Tuna choo kipya. Tunaomba twende sehemu inayofuata.

CHANGAMOTO

Ng'ombe wetu wakisikia honi, wanakuja. Tena hawaji kwa kujikokota: wanakuja mbio, mikia juu, wanaingia barabarani na kuielekea pikapu uso kwa uso. Dereva anapiga honi awafukuze, nao wanaongeza mwendo. Taa ya kwanza ilivunjika hivyo, na ya pili hivyohivyo. Tukawaandikia barua makao makuu, kurasa mbili, tukaeleza jambo lote hatua kwa hatua.

Jibu lilikuja: dereva apige honi zaidi.

Tukaandika tena. Tukaletewa semina ya siku mbili, ambapo mtaalamu mmoja mpole sana alitufundisha kwamba ng'ombe ni mnyama. Tukaandika mara ya tatu, na safari hii mkatuletea honi mpya, ya lori. Hapo ndipo tulipokoma. Ilipopigwa siku ya kwanza walikuja wa kwetu, wakaja wa ng'ambo ya bonde ambao wenyewe si wanachama, wakaja mbuzi, akaja na punda mmoja ambaye mpaka leo hatujui ni wa nani, na haondoki.

Siku hiyo ndiyo aliyogongwa Malkia. Malkia ni ng'ombe pekee wa mjane anayekaa karibu na kona, na alikuwa na mimba kubwa. Taratibu alikuwa anakwenda mwendo wa mtu anayetembea, lakini ng'ombe wengine walimsukuma Malkia mpaka kwenye bampa, akaanguka na kuumia nyonga. Taratibu akazima gari, akashuka, akakaa vumbini na kukipakata kichwa cha Malkia mpaka daktari wa mifugo alipofika. Alijua mwenye ng'ombe yuko njiani, na alikuwa anayasubiri matusi yake. Mjane alipofika aliwatazama, akavua kitambaa chake cha kichwani, akawafuta vumbi wote wawili, ng'ombe na dereva.

"Mama," Taratibu akamwambia, "honi hii mimi siipigi tena."

Na hajaipiga. Miezi mitano sasa, akifika konani anasimama, anazima injini, anashuka na kutangulia kwa miguu mpaka aone njia ni nyeupe, ndipo anarudi kulichukua gari. Anachelewa dakika kumi, basi. Hajagonga hata kuku. Sisi nasi tumeacha kufungua magunia barabarani. Malkia amezaa salama, ingawa anachechemea.

Baada ya yote hayo mlimwandikia Taratibu barua ya kumwachisha kazi ifikapo mwisho wa mwezi huu, kwa kosa la "uzembe wa kutopiga honi". Tuliisoma kikaoni mara tatu tukidhani macho yanatudanganya. Yeye aliikunja, akaitia mfukoni, akaenda kuosha pikapu. Ana miaka hamsini na saba, na tangu ujana wake hajafanya kazi nyingine. Tumekasirika, mgeni rasmi, na hatuoni sababu ya kulificha hilo. Hii unayosomewa ni risala ya pili. Ya kwanza mwenyekiti aliichana.

MAOMBI

Tumeambiwa umekuja kutukabidhi ngao ya chuma ya kufunga mbele ya pikapu. Tunaiona pale, imefungwa utepe. Ni nzuri. Italinda taa, na itavunja miguu ya ng'ombe wanaotoa maziwa yanayobebwa na pikapu hiyohiyo. Tunaomba urudi nayo. Na honi ya lori uichukue, imo kwenye boksi lake. Badala yake tupatieni ghala dogo la pumba nyuma ya kituo, mbali na barabara, na nguzo za uzio pale konani. Mashimo tutachimba wenyewe.

Na Taratibu abaki.

NYONGEZA YA LEO ASUBUHI

Mgeni rasmi, umechelewa dakika arobaini na tano. Tunajua ulikuwa wapi, maana tulisikia. Dereva wako alipoona ng'ombe wawili konani alipiga honi, kama barua zenu zinavyoagiza. Walipofika kumi akaipiga tena. Daktari wa mifugo alituahidi kwamba watasahau, lakini bado hawajasahau, na walipofika thelathini dereva wako alikuwa hajaondoa mkono kwenye honi. Aliyekuja kukutoa ni Taratibu. Alimwomba mwenzake azime injini, akawaswaga ng'ombe polepole mpaka wakatawanyika, kisha akatembea mbele ya gari lako hadi hapa.

Hakuna ng'ombe aliyeumia. Vipande vya taa yako ya kushoto tumeviokota, vimo kwenye mfuko huu, utakabidhiwa ukiondoka.

Dereva wako hatumlaumu hata kidogo. Tunachoomba ni hiki tu: ukifika ofisini, barua utakayomwandikia yeye kwa ajili ya taa hiyo, mwandikie na wetu hiyohiyo.

Mungu akubariki wewe na nyumba yako, akurudishe salama. Na kwenye kona ya chini, tafadhali, mwache Taratibu atangulie.

Ni sisi,
Wafugaji sitini na wawili wa Kituo cha Maziwa, pamoja na dereva wao.