Mashavu ya Wizi

Aprili, majani yakipukutika kwa kuanza baridi hapa Hobart, kusini mwa dunia, binti mmoja ndani ya basi nililopanda alimgeukia mama asiyemjua, aliyetoka saluni sasa hivi.

"Mama, uso wa mviringo haufai nywele fupi hivyo. Msimu huu ungeziacha zishuke, zifiche mashavu."

"Nani kakuuliza?" mama akawaka. "Mashavu yangu yamekukalia kiti?"

"Nakusaidia tu."

"Kamsaidie bibi yako! Tangu nizaliwe natembea nayo, leo kibaridi kimeanza ndiyo niyafiche? Wewe yako umeyafunika kama mali ya wizi!"

Basi likasimama. Mama, pamoja na hasira zote, akamshukuru dereva, maana hapa kwetu hata mwenye ugomvi hashuki bila kushukuru. Binti akashuka, hata kushukuru akasahau. Nikajua limemwingia.