Goti la Sajenti Tackett

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, Wilburn Tackett anastaafu baada ya kuwahudumia askari wastaafu wa wilaya yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kuwakatia rufaa za malipo ya ulemavu, hasa wa magoti.

Alikuta ofisi yenye meza moja, feni mbovu na sanduku la barua za kukataliwa. Mapema sana aligundua kwamba anayemwangusha askari ni askari mwenyewe. Mtu aliyeruka na parashuti miaka ishirini akifika kwa daktari wa kupima, anakunja goti mpaka kisigino kinagusa tako, jasho linamtiririka, kisha anasema, "Niko fiti, daktari!" Daktari anaandika alichokiona: ulemavu asilimia sifuri, yaani hakuna malipo.

Ndipo Tackett akaanzisha mazoezi. Kila Jumanne aliwalaza wastaafu juu ya meza ya mikutano na kuwakunja magoti taratibu.

"Maumivu yakianza, sema 'hapo'. Usingoje uzimie."

Bi Opal Ratliff, aliyekuwa fundi wa malori jeshini, alimkazia macho. "Sajenti, mimi sijawahi kulia mbele ya mwanamume."

"Nani kakwambia ulie, dada? Sema 'hapo' tu."

Bi Opal alisema, tena kwa sauti iliyofika barabarani. Rufaa yake ikashinda.

Nilipoajiriwa hapa miaka minne iliyopita, niliona kwamba Tackett hupanda ngazi zetu tisa kwa vituo viwili, akijifanya anatazama ndege. Nilimsumbua mpaka akaomba kutathminiwa goti lake mwenyewe. Siku ya kupimwa, daktari aliangusha kalamu. Tackett akachuchumaa, akaiokota, akaikabidhi kwa saluti. Asilimia sifuri.

"Ningemwacha binti wa watu ainame?" alijitetea. Barua akaifungia kwenye droo, chini ya karanga zake. Kila nikiigusia, hunijibu kwamba wapo walioumia zaidi yake. Mwaka mmoja aliopewa wa kukata rufaa unakwisha leo ofisi ikifungwa.

Sajenti, asante kwa kila goti ulilolitetea. Tunakuombea uzee mtulivu na nyumba isiyo na ngazi. Rufaa yako tumeshaijaza. Iko nyuma ya karatasi hii ya ratiba ya sherehe yako. Bi Opal anailinda keki ya nazi, na haikatwi kabla hujasaini. Kalamu tumeifunga mezani kwa kamba, isije ikaanguka.

Kama kusaini kunauma, sema "hapo". Tutakusubiri.